Onyo Alilolizima Mwenyewe

Rym, nimefokewa! Kwenye kikao cha mtandaoni, mbele ya wenzangu wote, adhana ya magharibi inalia na shorba yangu ya futari inapoa!

Ni Skander, yule wa kampuni ya tiketi. Eti toleo jipya la kompaila yetu, ile ya kutafsiri msimbo wa programu tunayoitunza bure, limeua programu yao. "Mngetuonya, dada!"

Mngetuonya! Mwaka mzima, kila wakiiendesha, linatokea onyo la njano nililoliandika mimi: badilisheni amri hii, inaondolewa toleo lijalo!

"Hatujawahi kuona onyo." Anaapa kabisa, na kafunga saumu!

Nikamwambia haya, tuonyeshe msimbo wenu. Akafungua. Mstari wa kwanza kazima maonyo yote, pembeni kaandika: "Nyamazisha huyu bibi."

Huyu bibi ni mimi, Rym! Wote wamesoma.

Sasa kawa mpole: "Dada, utusaidie basi?"

Nimemzima sauti, nikanywa shorba yangu. Bado anaongea.