Jiwe Lililofungwa Nguo za Mtoto

Mlangoni mwa Mto Orontes, Shamu
Siku ya nane tangu bahari kufunguka kwa meli

Baba yangu Eufemo,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na kile kikohozi cha baridi kimekuacha. Sisi huku hatujambo. Mume wangu Panamuwa anakusalimu. Mama yake, Mama Kupapiya, anakusalimu zaidi, maana anasema mtu aliyenilea mimi lazima awe na subira.

Najua hupendi barua. Najua pia kwamba huu ni mwaka wa pili hujibu salamu ninazozituma kwa vinywa vya mabaharia. Lakini nahodha Hanuni ameniletea habari ambayo siwezi kukaa nayo kimya. Anasema Bwana Arkesila amefariki, na kwamba vuli hii, kwenye michezo ya matanga yake, waimbaji watashindania kiti cha kando ya moto katika ukumbi wa mwanawe. Kiti hicho umekikalia miaka ishirini na mitatu. Ukikikosa utakula wapi, baba? Utabisha hodi milango ya watu na kinubi chako, upewe mkate wa shayiri wa jana? Hanuni anasema yule mwimbaji kijana, Antimeno, ameshaanza kukipima kwa macho.

Tusifichane. Mimi ndiye niliyekuwa nikikaa nyuma ya mlango wa wanawake. Ukisahau mstari, nilikuwa nagonga mti wa kitanda cha kufumia nguo na kuuimba mstari wenyewe chinichini, watu wakidhani najiliwaza na kazi. Sasa nani anakugongea? Siku ile nilipokuomba fimbo ya mwimbaji, ulisema mwanamke hasimami na fimbo mbele ya wanaume. Nikaolewa ng'ambo kwa hasira. Bahati yangu mume ni mwema.

Nyimbo za zamani Antimeno anazijua zote, na koo lake bado changa. Unahitaji wimbo ambao hakuna aliyewahi kuusikia huko. Mama Kupapiya anao mmoja, anausimulia tukichambua dengu. Zamani Mbingu alikuwa mfalme wa miungu. Mnyweshaji wake, Kumarbi, akamrukia, akamng'ata uume wake akaumeza, akacheka. Mbingu akamwambia: usicheke, umejitia mimba ya mungu wa ngurumo, naye ndiye atakayekunyang'anya kiti. Kumarbi akaogopa, akataka kumla mtoto huyo akizaliwa. Wakampa jiwe badala yake, likamvunja meno. Mtoto akakua, akakitwaa kiti. Jiwe lipo mpaka leo, watu wanalipaka mafuta.

Uchukue wimbo huo, baba, uutumie upendavyo.

Binti yako,
Filina

*

Eretria
Katikati ya mwezi wa kuvuna shayiri

Filina,

Marahaba. Mimi mzima. Kikohozi kipo, lakini tumezoeana.

Anayechora ni Onesimo mfinyanzi, yule anayekwangua majina ya watu kwenye vikombe vyao. Mimi nasema, yeye anakwangua kama kuku anayetafuta punje, kisha ananisomea nilichosema kana kwamba ni chake. Wimbo ni wa mdomo na sikio. Ukiuweka kwenye ngozi ya mbuzi, kichwa kinalala. Mtoto wa mwimbaji alipaswa kujua hilo.

Sasa hiyo hadithi yako. Mwanamume ana mimba? Unataka nisimame mbele ya watu wa Eretria, na wake zao nyuma ya mlango, niwaambie mfalme wa miungu alibeba mimba? Watanirushia mifupa. Halafu huyo Kumarbi ni nani kwetu? Na mungu wa ngurumo tunaye wetu, Zeus, hatujaomba wa kuazima. Mwambie mama mkwe wako ahsante, adumu na dengu zake.

Mimi sijashindwa. Ni kweli kwamba harusini kwa watu wa Lelanto niliruka orodha ya meli katika wimbo wa vita, lakini waliokuwepo walikuwa wamelewa.

Kuna jambo moja tu. Onesimo anauliza, si mimi: huyo bwana alidanganywaje? Mtu mzima ataonaje jiwe aseme ni mtoto? Jiwe ni baridi, gumu, halilii. Hadithi yenye tundu kama hilo Antimeno angeitobolea mbali.

Baba yako

*

Mlangoni mwa Mto Orontes
Siku za joto kali

Baba,

Shikamoo tena, na mwambie Onesimo nimempenda kwa swali lake. Sisi wazima. Joto limetuzidi hata mbwa hawabweki.

Nilimpelekea Mama Kupapiya swali la "Onesimo". Akasema yeye alivyopokea kwa bibi yake, jiwe lilitolewa tu, Kumarbi akalila, na asiyetaka na aende kuchota maji. Nikakaa na nguo zangu mapajani, nikafikiri. Baba, nguo nilizokuwa nazo mapajani ni vitambaa vya kumfungia mtoto. Nina mimba ya miezi minne. Nilitaka kukuambia kwa sauti, lakini sauti yangu haifiki huko.

Basi nikaokota jiwe la uani, lile tunalozuilia mlango. Nikalifunga kama mkunga alivyonifundisha, kuanzia miguuni, mkunjo juu ya mkunjo, mpaka kichwani. Nikampa Panamuwa alipotoka gatini. Akalipokea kwa mikono miwili, akalikinga shingo. Alilipakata huku akinisimulia habari za mizigo kabla hajashtuka. Hajanisamehe mpaka leo.

Hilo ndilo jibu. Alifungiwa jiwe kwenye nguo za mtoto, na aliyelifunga ni mama yake huyo mtoto. Hakuna mwingine angeweza. Mpe huyo mungu mke, baba, mimba iwe ya mke, na mume awe ndiye mmezaji. Wanaume wanaoogopa kurithiwa tunawajua, hata Eretria wapo.

Umenielewa, usikasirike.

Binti yako mzito,
Filina

*

Eretria
Zabibu zinaanza kuchumwa

Mwanangu Filina,

Marahaba, na marahaba nyingine kwa huyo aliye tumboni. Nimefurahi. Nimesema nimefurahi, Onesimo, andika hivyo hivyo, usinitazame.

Umeniuma pale mwisho wa barua yako, nawe ulikusudia. Siku tatu sikumwita mfinyanzi. Siku ya nne nilikwenda nyuma ya zizi nikaanza kuujaribu mdomoni, na ulikaa vizuri. Nimeweka hivi. Mmezaji ni Krono. Unamjua, yule mzee wa mavuno tunayemkumbuka siku moja kwa mwaka, tukala, tukamsahau. Hana hadithi, maskini, nafasi ni tele. Alimpindua Mbingu baba yake kwa mundu, maana mundu ni wa mavuno na meno ni aibu. Anawameza watoto wake mmoja mmoja wanapozaliwa. Wa mwisho ni Zeus wetu, na mama yake anampa mumewe jiwe lililofungwa.

Nikifika hapo mbuzi wanaacha kula.

Lakini nina hofu, na nakuambia wewe tu, na huyu mwenye udongo mikononi. Wakati wa michezo bandari itajaa mabaharia wa kwenu, wanasubiri upepo wa mwisho wa kurudi. Mmoja akisimama aseme, "Huo ni wimbo wetu, mzee ameuiba," nimekwisha. Kwetu mwimbaji hasemi alikosikia. Akiulizwa hujibu kwamba mabinti wa Kumbukumbu, miungu ya nyimbo, walimpulizia. Nimejibu hivyo maisha yangu yote. Na nyuma ya mlango hakuna atakayenigongea.

Michezo ni mwezi mpevu ujao. Jitunze, usibebe maji.

Baba yako

*

Mlangoni mwa Mto Orontes
Meli ya kwanza ya masika

Baba mpendwa,

Shikamoo. Hujambo? Nauliza kweli, si kwa desturi.

Bahari ilifungwa bila neno lako. Meli mbili za mwisho zilifika kutoka kwenu, nikashuka gatini na tumbo langu mbele, hapakuwa na kitu. Hanuni hakuonekana, nasikia alikwama huko kwa baridi yote. Majira mazima nimekuwa nikiwaza: amekalia kiti, au wamemtoa? Yupo ndani, au yupo njiani na mvua? Mama Kupapiya alichoka kunisikia, akasema nikizaa kwa hofu mtoto atatoka na makunyanzi.

Hana makunyanzi. Ni wa kike, ana siku sitini na moja. Ana koo, baba. Akilia punda wa jirani anajibu. Hatujampa jina bado, Panamuwa anasema tusubiri neno lako, nami nimekubali ingawa majirani wanashangaa.

Kama umeshindwa, njoo. Kiti kipo na huku, hakina moto wa bwana, lakini chakula kipo na masikio yapo. Kama umeumwa, aandike Onesimo. Kama umenikasirikia tena, nikasirikie kwa barua.

Binti yako,
Filina

*

Eretria
Mitini imechipua

Filina mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima.

Hii nachora mwenyewe. Ndiyo maana herufi zinatembea kama walevi. Vuli nzima sikutuma neno kwa sababu mambo niliyotaka kukuambia sikutaka yapite mdomo wa mtu mwingine, na herufi sikuwa nazo. Onesimo amenifundisha majira yote ya baridi. Amenitukana sana. Uzeeni, mwanangu, nimekwangua vigae vya kutosha kujengea banda.

Sasa sikia. Siku ya matanga Antimeno aliimba kwanza, akaimba vizuri, sitamwonea. Nikasimama mimi na fimbo. Wimbo ulikwenda. Nilipofika mama anapojifungua, na Krono yuko mlangoni amenyoosha mikono, kichwa kikawa cheupe. Hakuna neno. Nikasikiliza nyuma ya mlango, unajua nilichokuwa nasikiliza. Hakuna.

Watu wakaanza kutazamana. Antimeno akatabasamu. Ndipo nyuma kabisa, mmoja wa mabaharia wa Hanuni, mtu mnene mwenye sikio moja, akapiga kelele kwa lugha yetu ya kuokoteza: "Jiwe, mzee! Mpe jiwe!" Na wenzake wote wakaitikia, jiwe, jiwe, wakipiga miguu. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Nikampa jiwe. Nikalifunga kuanzia miguuni, mkunjo juu ya mkunjo, kama ulivyoniandikia, nikamaliza wimbo nikitokwa na machozi na sikujali.

Antimeno akasimama, akasema mmeona, wimbo ni wa wageni, mnasikia wenyewe wanaujua. Nilikuwa nikiliogopa neno hilo tangu zabibu. Mwana wa marehemu akakuna ndevu, akasema: "Kama watu wa ng'ambo nao wanajua alimeza jiwe, basi alilimeza kweli." Watu wakapiga vicheko na makofi. Mimi nilikaa na hofu yangu mkononi, haina pa kwenda.

Kisha mwana wa marehemu akaniuliza kama desturi ilivyo: nani aliyekufundisha wimbo huu? Jibu nimelijua tangu utoto. Nikafungua mdomo, nikasema: "Mama Kupapiya wa Shamu, na binti yangu Filina, ambaye kwa miaka tisa ndiye aliyekuwa akinikumbusha nyuma ya mlango ule." Wazee wakanung'unika. Tuzo, ile sufuria ya shaba ya miguu mitatu, alipewa Antimeno, kwa kuwa mimi nimevunja desturi. Lakini kesho yake mwana wa marehemu aliniita, akanielekeza kiti kando ya moto, akasema keti, anza tena kwenye mundu. Nimekikalia tangu siku hiyo. Mlango wa wanawake sasa unaachwa wazi nikiimba. Waliomba wenyewe.

Jina la mtoto mpeni nyinyi, mimi nitaliimba. Hanuni anakuletea mzigo wa vitu viwili. Cha kwanza ni jiwe la ufukweni kwetu, nimelifunga mwenyewe kwa kitambaa chako cha utotoni. Liweke kando ya mtoto anapolala, ili chochote kinachokula watoto kikute hilo kwanza. Wakunga wa hapa wamenicheka namna nilivyolifunga.

Cha pili ni kirefu, usikidhanie kasia. Ni fimbo. Mimi sasa naimba nimeketi, na aliyeketi haihitaji. Simama nayo mbele ya hao watu wa Shamu, na wanaume wakiwepo ni vizuri zaidi. Ukisahau mstari, huyo mwenye koo atakukumbusha akikua.

Baba yako,
kwa mkono wake