Maji ya Mama

Kaka,

Sisi wazima, ila goti la Mama linamsumbua asubuhi. Cherehani imepona, anashona sare kama zamani.

Jumatatu tulibandikiwa karatasi ya Kiingereza mlangoni. Neno moja sikulijua, "evict", nikafungua kamusi uliyoniachia. Inasema ni kumtoa mtu ndani ya nyumba kwa nguvu ya sheria. Mfano waliotoa ni wa mpangaji. Mama kapanga wapi? Matofali haya aliyabeba kichwani. Asili yake Kilatini, eti kumshinda mtu kabisa. Amepigana na nani, kaka, hata ashindwe?

Akaniuliza, "Inasemaje, mwanangu?" Nikamwambia watakata maji wiki nzima. Tangu siku hiyo anachota. Kajaza ndoo, masufuria, hadi beseni la kufulia. Hakuna pa kukanyaga. Dumu moja kaliweka pembeni, hataki liguswe. "La kaka yako hilo. Asije akafika akakosa hata maji ya kuoga."

Wanakuja Ijumaa. Nimehangaika ofisi zote, kote naambiwa hati ya nyumba ina jina moja tu. Aliyeomba tutolewe ametia saini chini ya karatasi. Nimeilinganisha na saini iliyo ndani ya jalada la kamusi yako. Nimelinganisha mara tatu, nikiomba Mungu zitofautiane.

Mimi siwezi kumwambia. Njoo kabla ya Ijumaa umwambie wewe, kwa Kiswahili.

Maji yako yapo.

Mdogo wako