Mguu Uliokosa Umuganda

Kabeza, Kigali
6 Julai 2025

Mpendwa dada Mukankusi,

Salamu nyingi kutoka kwetu huku. Hamjambo hapo Bukoba? Presha imeshuka, au bado unatia chumvi kwa siri? Sisi wazima, na cherehani nayo nzima, tunamshukuru Mungu.

Dada, Hirwa wangu anataka kuoa. Msichana ni Gwiza, binti wa jirani yetu Uwizeye. Binti hana neno, ila mimi nilikataa katakata. Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tano, siku ya umuganda, mtaa mzima tulikuwa tunazibua mitaro, na mama yake, huyo Uwizeye, hakuonekana. Nikasema mbele ya watu kwamba huyo ni mvivu, tena anajiona, na uvivu uko kwenye damu. Hirwa akaacha kula nyumbani. Iliniuma sana, lakini nilikaza shingo.

Umuganda wa Juni, nami sikwenda. Lakini mimi nilikuwa na sababu! Nguo nne za ubatizo, zote zinatakiwa kesho yake. Nikafunga mapazia, nikashona kwa mkono ili cherehani isinisemee.

Saa tano na nusu nikasikia hodi. Nikajitupa kitandani, nikajifunika kitenge mpaka shingoni. Kumbe ni Uwizeye, chupa ya uji mkononi, matope bado miguuni.

"Ihangane, mama Hirwa, pole sana," akasema. "Watu walisema uko mvivu. Nikawaambia hapana, huyu mama iko na kitu inamuuma."

Nikasema ni mguu. Akauliza upi. Dada, nikataja wa kulia huku nimeshika wa kushoto! Akaukanda huohuo wa kushoto, taratibu, akinisimulia kwamba mwezi wa tano alitoka zamu ya usiku hospitalini, akalala hadi mchana. Mimi sikuwahi hata kumuuliza. Niliona aibu mpaka uji ukakataa kushuka. Baadaye niliumaliza, maana ulikuwa mtamu.

Jioni nikamwambia Hirwa nimekubali. Sherehe ya kumposa ni tarehe 23 Agosti, usikose.

Nisalimie shemeji Gasana, Kenny na Mukeshimana. Mungu awafunike nyote kwa rehema zake.

Hirwa anazidi kuniuliza ni nini kilichonibadilisha. Nimemjibu kwamba mimi sijabadilika hata kidogo. Ni yule mama aliyejirekebisha.

Mdogo wako akupendaye siku zote,
Mukunde