Maswali ya Bwawani

2 Februari

Dada yangu mpenzi,

Mimi mzima, isipokuwa mgongo unaonisuta kila nikiinua masufuria ya hapa kambini. Wachimbaji hawa wanakula kama waliofungiwa wiki nzima. Wewe na hilo goti lako mnaelewana siku hizi? Na mwanangu Chiriku, bado anaongea hata akipiga mswaki?

Ameniandikia kwamba utampeleka kwenye bustani ya maji siku atakayotimiza miaka tisa. Haya, aende. Lakini wewe ni mwalimu wa hesabu, usimwache ashinde anarusha maji tu, arudi na macho mekundu na kichwa kitupu. Nimemtungia maswali kama kawaida yangu, maana ndiyo malezi pekee yanayoingia kwenye bahasha. Kwa nini mtelezo umepindwapindwa? Anayeteleza amelala na anayeteleza amekaa, nani anafika kwanza? Kwa nini bwawa la watoto lina maji ya vuguvugu na la wakubwa baridi? Na la mwisho: mtu anakaa chini ya maji sekunde ngapi bila kuvuta pumzi? Ajaribu mara tatu, wewe upime kwa saa, kisha achore grafu anitumie.

Huku simu hazishiki na gari la posta ni la kubahatisha, kwa hiyo usinicheleweshee majibu.

Mdogo wako

10 Februari

Mdogo wangu,

Tunaendelea vizuri. Goti limetulia, naona limechoka kunilalamikia. Wewe huo mgongo uukande kwa maji ya moto, usijifanye chuma.

Barua yako imegeuza nyumba. Chiriku ameyanakili maswali yote kwenye daftari jipya na kuyapigia mstari kwa rula. Tangu juzi anajifungia bafuni na beseni, anatumbukiza uso, anahesabu kwa vidole. Amefika sekunde kumi na nane. Anasema akifika arobaini utafurahi mpaka uje likizo. Nilimuuliza nani kamwambia hivyo, akasema anajua tu. Sikuwa na moyo wa kumkatalia.

Tunakwenda Jumamosi. Saa yangu nimeitia betri mpya.

Dada yako

16 Februari

Mdogo wangu,

Sijui nikusalimie vipi. Chiriku wetu hayupo tena. Tumemzika jana, pembeni ya mama yetu.

Una haki ya kujua ilivyokuwa. Mitelezo aliimaliza yote, akaandika majibu kwa mkono uliolowa. Likabaki la pumzi. Mimi nilisimama ukingoni, yeye ndani ya bwawa, maji yakimfika kifuani. Mara ya kwanza sekunde kumi na tisa. Ya pili ishirini na sita. Ya tatu alivuta pumzi nyingi harakaharaka, akaniambia, "Mama Mkubwa, nimegundua siri, hivi ndivyo mtu anakaa zaidi." Nikamsifu. Akazama.

Mimi macho yalikuwa kwenye saa. Thelathini, nikafurahi. Arobaini, nikaandika. Hamsini, nikajisemea kumbe mtoto huyu ana mapafu. Mlinzi wa bwawa ndiye aliyepuliza filimbi na kujitosa; kumbe mtoto alikuwa ameshazimia humo chini. Miaka thelathini nimefundisha watoto wa watu kusoma saa, na wa kwetu amekufa nikiisoma. Sijui nifanye nini na mikono yangu.

Nimeirudia barua hii mara mbili. Siitumi. Swali lilikuwa lako, na ukijua hivi hutapona. Kifo chenyewe nitaomba ofisi ya wilaya ikutangazie kwa redio ya kambi.

Dada yako

18 Februari

Dada yangu,

Gari limeleta barua yako leo, natumai nyote hamjambo. Nimecheka peke yangu jikoni mpaka msaidizi wangu akaniuliza kama nimerukwa na akili. Mtoto na beseni!

Mwambie asijitese kutafuta arobaini. Likizo nilishaomba na nimekubaliwa, nakuja Aprili. Jumamosi ilikuwaje? Grafu iko wapi?

Mdogo wako

27 Februari

Dada,

Salamu leo sina. Karani aliniita ofisini akanisomea ujumbe wa redio: mtoto amekufa maji, amezikwa. Basi. Nilimwambia arudie, akarudia yaleyale.

Nataka jibu la jambo moja tu. Alikuwa anafanya swali langu? Sijala tangu siku ile. Chakula cha watu nakipika, nikikionja nakitema. Nikishika mwiko naona mkono ulioandika yale maswali. Niambie ukweli, Dada, hata kama utaniua.

Mdogo wako

9 Machi

Mdogo wangu,

Nimesoma barua yako nikiwa nimekaa chini. Nakujibu bila kuzunguka: hapana. Maswali yako hayakufikiwa kabisa. Daftari halikutoka kwenye mkoba.

Ilikuwa hivi. Jua lilikuwa kali, nikaegemea benchi la kivulini, nikamwambia acheze kwanza, masomo baadaye. Nikasinzia. Yeye akaenda peke yake kwenye bwawa la wakubwa. Nilipoamka watu walikuwa wamejaa. Nimekuficha kwa sababu ya aibu, hakuna sababu nyingine. Ulinikabidhi mtoto nami nikalala usingizi mchana kweupe.

Kalamu yako haina kosa. Tafadhali kula.

Dada yako

21 Machi

Mwalimu,

Barua yako imefika.

Kwa hiyo ulilala. Wiki zote hizi nilikuwa najilaani mimi, kumbe wewe ulikuwa na usingizi. Asante kwa kusema kweli, ingawa umechelewa. Sasa najua wa kumchukia, na jana nimekula sahani nzima.

Aprili nitakuja kuliona kaburi. Nitafikia kwa wengine. Nisikukute pale, na usiniandikie tena.

Mama wa mtoto