Kupe wa Foleni na Mashine ya Saluni

Mama mshauri, shikamoo. Nakuandikia nimekaa kwenye kiti changu mwenyewe cha kunyolea watu, mlango nimeufunga, na naomba kwanza ucheke umalize, halafu ndiyo unisaidie, kwa sababu nimeshasaidiwa na watu wengi wasiocheka na wote wamenipoteza.

Mimi ni kinyozi, naishi na mama yangu mzazi nyuma ya saluni, vyumba viwili na kibaraza, na nina mbwa anaitwa Foleni, jina alilopewa na wateja, kwa sababu siku ya kwanza aliingia akiwa bado mtoto, hana mwenyewe, akakaa mwisho wa benchi kama watu, wateja wakisogea na yeye anasogea, mpaka zamu yake ilipofika akarukia kwenye kiti akanitazama, na mimi siku ile nilicheka kuliko nilivyowahi kucheka tangu tumzike baba, basi palepale nikajua huyu ni wangu.

Sasa Foleni ana kupe. Nikisema kupe usifikirie wawili watatu, wamo masikioni, wamo kati ya vidole, wamo kwapani na chini ya mkia, wengine wamenona kama maharage, nawatoa leo kesho wapo, nawatoa kesho keshokutwa wapo, na ngozi inamwasha mpaka akijikuna mguu unagonga mlango wa bati, wateja wanaitikia "karibu" wakidhani kuna anayebisha hodi.

Nimejaribu kila kitu, mama. Fundi baiskeli jirani yangu aliniambia nimpake oili chafu, nikampaka, akaenda kujifuta kwenye ukuta ambao mama alikuwa ameupaka chokaa juzi yake. Muuza mitumba akasema mafuta ya taa, nikampaka kidogo, mama akaninyang'anya chupa. Mteja mmoja akaniletea dawa ya kuogeshea ng'ombe kwenye chupa ya soda, nikaikadiria kwa macho, Foleni akatokwa na udenda na kuyumbayumba nusu siku nzima, nikalia, mtu mzima na ndevu zangu, nikaimwaga yote chooni. Ndipo nikajiambia, wewe si fundi wa nywele bwana, ujuzi wako umemwekea nani?

Hapa ndipo aibu yangu ilipo. Kila baada ya wiki mbili, Jumapili saluni ikiwa imefungwa, namkalisha kwenye kiti, namfunga kitambaa shingoni, namnyoa mpaka ngozi, nampaka spiriti kama ninavyompaka mteja yeyote, halafu losheni, halafu poda ile ya baridi, anatoka ananukia kama bwana harusi, na jioni anajikuna mara mbili ya asubuhi. Na mashine ninayomnyolea, Mungu anisamehe, ni ya saluni. Ninazo mbili zinazofanana, moja nikaitenga iwe ya Foleni nikaificha droo ya chini, na wiki iliyopita umeme ukakatika ukarudi, watu wamejaa, mkono wangu ukashika ileile, nikamnyoa mwalimu mkuu wa shule ya msingi upande mzima wa kulia kabla sijaona unywele wa kahawia umenasa kwenye meno ya mashine, na mwalimu mkuu ana mvi tupu. Nikabadilisha mashine nikamaliza kimya. Juzi karudi, ananishika bega, anasema, "Fundi, sijawahi kunyolewa vizuri hivi. Upande wa kulia hasa."

Lakini siyo hilo linaloniumiza zaidi. Mama alifungua kikasha cha miwani yake akakuta kupe amejilaza humo. Hakupiga kelele, heri angepiga. Alikifunga kikasha akasema, "Mwanangu, mwisho wa mwezi huyu mbwa anaondoka." Ameshaongea na mlinzi wa ghala la mbao la pale barabarani, atakuja kumchukua Jumapili ya mwisho. Mlinzi si mtu mbaya, ila mbwa wa kule wanashinda kwenye mnyororo, na Foleni hajawahi kufungwa hata kamba ya kiatu. Cha ajabu, mama huyohuyo tangu atoe hukumu amemuuliza mlinzi mara tatu kama kule ghalani kuna kivuli, akichagua mchele Foleni amemlalia miguuni, na anamkuna mgongo kwa mpini wa mwiko akidhani simwoni.

Na siyo kwamba namtunza vibaya. Analala kwenye kiti cha kwanza cha saluni, alichoniachia marehemu baba, nimekiweka kibarazani, sponji lake nene, ngozi imepasukapasuka lakini laini, akishaoga anarudi palepale anajikunja, hata mimi namwonea wivu. Sasa anakosa nini? Nimfiche kwa dada yangu? Nimdanganye mama kwamba amepona? Na mwalimu nimwambie au nife na siri yangu? Zimebaki siku kumi na nane, mama mshauri, na nikifikiria ule mnyororo nashindwa hata kula.

Ni mimi,
Kinyozi ninayejikuna kwa niaba ya mbwa

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Nimecheka nikamaliza kama ulivyoniomba, kisha nikampigia daktari wa mifugo nimsomee barua yako, na tulipofika kwenye upande wa kulia wa mwalimu mkuu akaomba aweke simu chini kidogo. Sasa vicheko basi. Tulia kwenye hicho kiti, leo nakunyoa mimi.

Ala! Oili chafu? Mafuta ya taa? Mbwa anajilamba, kwa hiyo chochote unachompaka unamlisha. Na hiyo dawa ya ng'ombe, shukuru Mungu wako kwamba aliyumba nusu siku tu. Dawa haikadiriwi kwa macho kama chumvi ya mboga. Wanaokaa kwenye benchi lako ni wateja. Wasifie mtindo wa nywele, wakusimulie habari za mpira, lakini dawa wasikupe tena.

Halafu wewe na spiriti yako! Unajua fika shingo ya mtu inavyowaka akinyolewa mpaka ngozi, na bado mwenzio asiye na mdomo wa kulalamika umemuunguza kila wiki mbili, kisha unashangaa kwa nini anajikuna. Nywele za mbwa ndiyo nguo yake, mwachie. Sehemu ya muwasho huo umeutengeneza kwa mikono yako, tena kwa upendo. Sehemu nyingine ni ya kupe. Na huenda kuna viroboto, au utitiri usioonekana kwa macho, ambao daktari ataukwangua kidogo kwenye ngozi autazame kwa hadubini. Usibahatishe, mwache atazame.

Lakini jibu lenyewe umeliandika mwishoni, unajisifu, hukuliona. Kiti! Kupe hakai juu ya mbwa maisha yake yote. Akishiba anashuka, anatafuta ufa, anataga mayai kwa maelfu, na watakaoanguliwa wanamngoja mwenye damu arudi kulala. Wewe unamtoa Foleni kupe ishirini, unamwogesha, unampeleka kwa mikono yako mwenyewe nyumbani kwao kupe. Kikulacho ki nguoni mwako, wahenga walisema, na kinachomla Foleni kimo ndani ya sponji.

Najua ni kiti cha marehemu. Baba yako alikuachia kazi na mikono ya kuifanya. Hakukuachia sponji. Ling'oe leo, pamoja na ile ngozi, ukalichome mbali na nyumba. Chuma kisugue kwa maji ya moto na sabuni, uingie mpaka kwenye skrubu, na siku moja utakivalisha upya. Ziba nyufa za kibaraza. Dawa ya kupuliza ndani muulize daktari, na siku hiyo mama na mbwa wakae nje mpaka pakauke. Foleni mpe tandiko jepesi linalofulika, lifuliwe kwa maji ya moto kila wiki na lianikwe juani.

Kesho asubuhi saluni ichelewe kufunguliwa. Mpeleke kwa daktari, apandishwe kwenye mizani, apewe dawa ya kupe inayolingana na uzito wake. Ukiambiwa urudie mwezi ujao, urudie hata kama huoni kupe hata mmoja, maana mayai hayana habari kwamba umeshinda. Utakayemkuta mshike kwa kibano karibu kabisa na ngozi, mvute taratibu, wima, bila kumsokota, umtumbukize kwenye spiriti. Haya, hapo spiriti yako imepata kazi. Na ukiona fizi zimepauka, hataki chakula, au mkojo umekuwa mweusi, siku hiyohiyo kwa daktari.

Mwalimu mkuu mwambie leo. Mficha uchi hazai. Magonjwa mengine ya ngozi hutoka kwa mbwa yakaenda kwa mtu, kwa hiyo ana haki ya kujua, na akiona mabaka au muwasho kichwani aende zahanati. Ile mashine isiguse tena kichwa cha binadamu, na hiyo nyingine isafishe vizuri kwa dawa ya kuua vijidudu mbele ya macho yake. Atakufokea. Mwache afoke, umestahili.

Tunafika kwa mama. Usimfiche mbwa kwa dada yako, na kumdanganya mzazi usithubutu. Mwanangu, mama anayeuliza mara tatu kama kuna kivuli hataki mbwa aondoke. Anataka kupe waondoke, na wewe kwa miezi yote hii umempa oili ukutani. Keti naye, mwambie ulipokosea, mwombe hizo siku kumi na nane, kisha mpe kazi: kila jioni yeye ndiye awe mkaguzi, avae miwani yake, akague masikio na vidole, na neno lake liwe la mwisho. Wazazi wetu hawafukuzi kirahisi kitu walichokiuguza wao wenyewe.

Na Jumapili mlinzi akija, usimkimbie. Mwache mama azungumze naye mwenyewe. Wewe mkaribishe kitini, mnyoe vizuri kwa mashine safi, bila malipo, umsindikize mpaka barabarani, akaendelee na ulinzi wake peke yake.