Aliyetudai Alipanda Juu ya Nyumba Yetu

Akiru mjukuu wangu,

Ejok? Sisi huku Lodwar tuko wazima. Mbuzi wamezaa. Shangazi yako anaandika ninavyosema, ingawa amenuna.

Unauliza uanze na nini: mkopo wa benki wa nyumba yako ya Kitale, jikoni unayoongeza, au dawa zako za sukari. Benki siijui. Lakini sikiliza.

Nilipokuwa msichana kule Kakuma, kabla ya kambi ya wakimbizi, mama aliugua nyumba yetu ikiwa haina paa. Tulikuwa na mbuzi mmoja tu, naye alikuwa wa kumlipa jirani, mwanamke mmoja mkali. Alipokuja kumchukua, nilitaka kumficha. Mama, amelala pale chini, akamwambia ukweli wote: anaumwa, na hatuna kingine cha kula.

Jirani akamtazama. "Mchinjeni. Mpakeni mgonjwa majani ya tumboni mwa mbuzi, anywe na supu. Akifa nitamdai nani, hii ngozi anayolalia?"

Kisha akapanda juu ya nyumba, akaanza kufunga makuti ya mikoma juu ya vichwa vyetu, akitutukana kuwa sisi ni wavivu. Nikawa nampa makuti, mdomo wangu wazi. Mpaka leo, nikikumbuka, mdomo haufungiki. Aliyetudai ndiye aliyetuezekea! Mama alipona, na baadaye tukamlipa jirani mbuzi mwingine.

Sasa wewe, meza dawa. Jikoni ingoje. Nenda benki mwenyewe, uwaambie unaumwa kabla hawajakutafuta. Hawatapanda juu ya paa lako, hao. Lakini utakuwa hapa, mzima, wa kudaiwa.

Nyanya yako anayekupenda, hata ukikasirika