Alliance hajui kuigiza mukimbizi

Bibiche, keti kwanza.

Leo kwenye cours ya amani na migogoro, prof alitupangia mchezo wa mazungumuzo. Rodrigue akawa mupatanishi. Alliance wetu, ule alikimbia vita kule Kiwanja na miguu, akapewa kuigiza mukimbizi.

Akaongea vile anaongeaka siku zote, polepole, na akacheka kidogo.

Prof akamukatiza. Eti haaminiki. Eti mutu aliyekimbia vita hachekake.

Hachekake, Bibiche. Na huyo prof, vita ameionea kwenye projekta tu.

Rodrigue naye anaandika, eti itatoka kwenye examen.

Prof akamutuma Alliance kambini, karibu na Ndosho, aangalie wakimbizi wa kweli.

Alliance akafunga sakoshi yake ya vitabu. "Sawa, prof. Mama yangu analala kule. Nimusalimie?"